Fundi wangu hana cheti: je, anaweza kupata Tuzo ya Kyoto?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Unguja, ninajifunza nakshi kwa fundi mmoja wa milango. Fundi ana miaka 74 na ameshika patasi tangu utotoni. Hakusoma zaidi ya darasa la saba na hana cheti chochote cha sanaa. Nimesikia kuna Tuzo ya Kyoto ya Japani, inatoa yen milioni 100, na inawatuza wanasayansi pamoja na wasanii. Jamaa mmoja kanitumia ujumbe kwenye WhatsApp kwamba nikilipa dola 150 ataliingiza jina la Fundi. Je, nilipe? Mtu kama Fundi anaweza kweli kufikiriwa? Na kwa nini sayansi na sanaa ziwekwe kapu moja?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hilo la dola 150 halina subira, kwa hiyo ndilo nitakaloanza nalo.

Usilipe. Usimpe hata senti, na usimtumie nakala ya kitambulisho cha Fundi wala picha za kazi zake. Tuzo ya Kyoto haiombwi. Hakuna fomu ya mtu kujaza ili ajipendekeze, wala ada ya kuingiza jina. Taasisi inayoitoa, Inamori Foundation, huchagua yenyewe watu wa kuwaomba mapendekezo, ndani ya Japani na nje: maprofesa, watafiti, wakuu wa taasisi za sanaa, watu ambao kazi yao ni kujua nani anafanya nini katika fani fulani. Majina wanayoyatoa hupitishwa kwenye kamati za ngazi tatu, na mwezi wa Juni washindi hutangazwa. Mara nyingi mshindi mwenyewe hajui kama jina lake lilikuwa mezani hadi apigiwe simu. Anayekwambia anauza nafasi anauza hewa. Na kama amekufikia wewe, basi amewafikia wengine hapo mjini, hivyo waambie wenzako wa karakana nyingine.

Sasa nikueleze tuzo yenyewe, maana ukiielewa ilivyozaliwa utaona kwa nini swali lako si la kipuuzi hata kidogo, ingawa wapo watakaokucheka.

Aliyeianzisha ni Kazuo Inamori, mzaliwa wa Kagoshima, kusini mwa Japani, mwaka 1932. Alisomea kemia, na mwaka 1959 akaanzisha kiwanda mjini Kyoto akiwa na watu 28. Walikuwa wakitengeneza vifaa vya kauri vya kuhami umeme kwenye televisheni. Kiwanda hicho ndicho kilichokuja kuwa kampuni ya Kyocera. Mwaka 1981 alitunukiwa nishani kwa mchango wake katika teknolojia, na mwenyewe amesimulia kwamba alipoipokea aliona haya: mtu aliyejaaliwa mali kama yeye alipaswa kuwa upande wa kutoa. Ndipo mwaka 1984 akatenga yen bilioni 20 kutoka mali yake binafsi na kuunda taasisi. Tuzo za kwanza zilitolewa Novemba 1985, na mwaka huo huo taasisi ikaitunuku pia Nobel Foundation ya Sweden tuzo maalumu, kama mwanafunzi anavyompa heshima mwalimu wake. Baadaye, mwaka 1997, Inamori alitawazwa kuwa mtawa wa madhehebu ya Kibudha ya Zen. Alifariki Agosti 2022.

Kila mwaka hutolewa tuzo tatu: ya teknolojia ya juu, ya sayansi za msingi, na ya sanaa na falsafa. Kila mshindi hupata cheti, medali ya dhahabu na fedha. Hadi mwaka 2017 zilikuwa yen milioni 50, na mwaka 2018 zikapandishwa hadi milioni 100, kiasi kinachozidi dola laki sita kwa viwango vya miaka ya karibuni. Sherehe hufanyika Kyoto tarehe 10 Novemba.

Umeuliza kwa nini sayansi na sanaa zikae kapu moja. Hili ndilo jambo ambalo Inamori alilishikilia kuliko yote. Yeye alikuwa mtu wa viwanda, aliyeona kwa macho yake jinsi ufundi wa mashine unavyokimbia. Hofu yake ilikuwa kwamba ujuzi wa vitu ukikimbia peke yake, na utu ukabaki nyuma, mwanadamu ataanguka. Kwa hiyo akataka mhandisi, mtafiti na msanii wasimame jukwaa moja, siku moja, wapewe medali ile ile na fedha zile zile. Mwaka ule wa kwanza walisimama Rudolf Kalman, ambaye hesabu zake ndizo zinazosaidia kuongoza vyombo vya angani. Claude Shannon, aliyeweka msingi wa elimu ya mawasiliano ambayo simu yako inaitegemea. Na Olivier Messiaen, mtunzi wa muziki wa Ufaransa aliyetumia maisha yake kuandika sauti za ndege kwa noti. Hebu fikiri: mtu wa ndege na watu wa hesabu, meza moja.

Na katika kueleza nani anastahili, Inamori hakutaja shahada. Alitaja watu waliofanya kazi kwa unyenyekevu na bidii kupita wengine, wanaojua mapungufu yao kama binadamu, na ambao kazi yao imewanufaisha watu wote. Ukisoma sifa hizo huku umekaa kwenye benchi la karakana ya nakshi, najua unamwona nani mbele yako.

Lakini maneno mazuri yako kila mahali. Tuangalie waliopewa.

Ninayempenda kuliko wote katika orodha hiyo ni mama mmoja mfumaji, Fukumi Shimura. Alizaliwa mwaka 1924. Alianza kufuma kwa dhati akiwa amekwisha kupita miaka 30, ana watoto wawili wa kike wa kulea, na aliyemfundisha ni mama yake mzazi. Nguo aliyofuma ni ya hariri aina ya tsumugi. Hiyo si hariri ya wafalme. Asili yake ni vifukofuko vya viwavi wa hariri vilivyotoboka au kuharibika, visivyofaa kutoa uzi laini, ambavyo wakulima walivisokota kwa mkono na kujifumia nguo za kuvaa siku za kawaida. Shimura aliichukua nguo hiyo ya watu wa shamba akaifikisha mahali ambapo Japani ilimtangaza kuwa Hazina Hai ya Taifa mwaka 1990. Mwaka 2014, akiwa na miaka 90, akapewa Tuzo ya Kyoto. Tisini, mwanangu. Fundi wako wa miaka 74 bado kijana.

Rangi zake alizitoa kwenye mimea. Kuna jambo amelieleza ambalo limewagusa Wajapani wengi. Ukitaka rangi ya waridi ya ua la sakura, huchemshi maua. Unachukua matawi na maganda ya mti kabla haujachanua, wakati ua bado liko ndani ya mti, halijaonekana. Mti mzima unakuwa unajiandaa kuwa waridi, na ua ni ile ncha tu tunayoiona sisi. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka fundi mmoja wa Mji Mkongwe, marehemu sasa, aliyekuwa akiugonga ubao wa mfenesi kwa kifundo cha kidole kabla ya kuchora chochote, anausikiliza, halafu anasema, “Huu bado haujatulia.” Ni elimu ya aina moja.

Tofauti yao ni kwamba Shimura aliandika. Ameandika insha nyingi kuhusu rangi, nyuzi na mimea, na uandishi wake wenyewe ulishinda tuzo ya fasihi miaka 30 hivi kabla Kyoto haijamfikia. Alianzisha pia shule ya ufumaji pamoja na bintiye. Kwa hiyo mtu wa mbali ambaye hajawahi kugusa nguo yake angeweza kujua kilichomo kichwani mwake. Lishike hilo, nitalirudia.

Wa pili ni Tamao Yoshida, mchezesha vikaragosi wa bunraku, mchezo wa kale wa Osaka. Kikaragosi kimoja huchezeshwa na watu watatu: mmoja anashika kichwa na mkono wa kulia, mmoja mkono wa kushoto, mmoja miguu. Katika fani hiyo kuna usemi kwamba ni miaka kumi kwenye miguu na miaka kumi kwenye mkono wa kushoto, ndipo ufikirie kukishika kichwa. Yoshida aliingia akiwa kijana mdogo, akapanda ngazi hiyo kama wenzake wote, kwa kuangalia, kukosea, kukemewa na kurudia. Kyoto ilimtunuku mwaka 2003, miaka mitatu kabla ya kifo chake. Darasa lake lilikuwa lile lile la Fundi wako, kusimama pembeni ya mkubwa na kumtazama mikono.

Wa tatu ni Zakir Hussain, mpiga tabla wa India, aliyepewa mwaka 2022 na kufariki Desemba 2024. Baba yake, Ustad Alla Rakha, naye alikuwa bingwa wa tabla. Zakir amesimulia kwamba alipozaliwa na kuwekwa mikononi mwa baba yake, baba alimnong'oneza sikioni mapigo ya ngoma. Elimu ya tabla hutamkwa kwa mdomo kabla ya kupigwa kwa vidole, na imepita hivyo kutoka kinywa hadi sikio kwa vizazi. Tuzo iliyoanza na Messiaen na vitabu vyake vya noti ilifika kwa mtu wa ngoma, na ngoma haikulazimika kubadilika ndipo itambuliwe.

Kuhusu cheti, mfano mkubwa uko kwetu Kigoma. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 bila shahada yoyote. Alikuwa amesomea ukatibu. Ni huko Gombe alikomwona sokwe akichovya kijiti kwenye kichuguu ili kutoa mchwa, na habari hiyo ikawalazimu wataalamu wafikirie upya tofauti waliyoiweka kati ya mtu na mnyama. Cambridge ilimkubali asome udaktari bila kupitia shahada ya kwanza. Mwaka 1990 alipata Tuzo ya Kyoto katika sayansi za msingi. Na si jambo geni kwa Wajapani kulijua Ziwa Tanganyika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kuwafuatilia sokwe wa Mahale mwaka 1965, kusini mwa Gombe kwenye ufuo ule ule, na kazi yao ilichangia mpaka Mahale ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Kwa hiyo mji wa Kyoto na mkoa wa Kigoma wanafahamiana muda mrefu.

Majina mengine yenye udongo wa kwetu: William Kentridge wa Johannesburg, anayechora kwa mkaa, akifuta na kuchora tena juu ya karatasi ile ile huku akipiga picha kila hatua hadi mchoro unatembea, alipewa mwaka 2010. Azim Surani, mtafiti wa Cambridge aliyezaliwa Kisumu mwaka 1945, alipewa mwaka 2025 kwa kugundua kwamba jeni zilizotoka kwa mama na zilizotoka kwa baba hubeba alama tofauti, na kwamba kiumbe hakikui ipasavyo kikikosa upande mmoja. Hata hivyo sitakudanganya. Ukiipitia orodha nzima tangu 1985 utaona Wajapani, Wamarekani na Wazungu wamejaa. Afrika ni ya kuhesabu kwa vidole, na fundi wa Pwani yetu sijamwona. Sababu si kwamba kazi yetu ni ndogo. Nitakueleza ninavyoiona mimi, na nina kidonda changu katika jambo hili.

Miaka kadhaa nyuma niliombwa nisaidie kuandaa jalada la mzee mmoja wa muziki, mtu wa mwambao, ili apendekezwe kwa tuzo moja ya nje. Haikuwa Kyoto. Kila niliyemuuliza alimsifu. “Yule? Hakuna mfano wake!” Basi nikasema vizuri, tuorodheshe kazi zake. Hapo ndipo tulipokwama. Nyimbo alizotunga ni ngapi? Wengine walisema mia, wengine mia tatu. Zilirekodiwa wapi? Kanda zilikuwa zimelowa maji ya mvua kwenye chumba cha nyuma. Mwaka gani alianza kufundisha? Mwenyewe alikumbuka kwamba ilikuwa “baada ya yale mafuriko.” Picha zilikuwa mbili, moja imekatwa nusu. Tulikusanya kurasa tatu, tukazituma, na hatukusikia kitu. Mwaka uliofuata mzee alifariki. Siwalaumu waliopokea zile kurasa tatu, kwa sababu mtu aliye Ulaya hawezi kuisikia sauti ambayo haikuwekwa mahali. Ninajilaumu mwenyewe, niliyemjua mzee kwa miaka kumi na tano na sikuwahi kuwasha kinasa sauti hata siku moja.

Ndiyo maana nasema kikwazo cha Fundi wako si cheti. Kikwazo ni kwamba kazi yake haina nyayo. Mtu aliyeombwa mapendekezo na Kyoto, tuseme ni profesa wa historia ya sanaa huko Paris au Tokyo, hawezi kulitaja jina ambalo hajawahi kukutana nalo kwenye kitabu, makala, filamu au maonyesho. Na akilitaja, kamati itamuuliza yuko wapi, amefanya nini, amebadilisha nini katika fani, nani amejifunza kwake. Shimura alikuwa na majibu ya maswali hayo, na Zakir Hussain alikuwa na rekodi za zaidi ya miaka 50. Fundi ana milango. Milango yenyewe iko wapi?

Na hapa nakuomba uangalie milango ya zamani ya Mji Mkongwe kwa jicho jingine. Kwenye kizingiti cha juu mara nyingi utakuta aya ya Qur'ani, na pengine mwaka wa hijria. Utajua mlango ulisimamishwa lini, na pengine nyumba ilikuwa ya nani. Jina la aliyeuchonga, katika milango mingi niliyoisoma mimi, halipo. Watu wanapiga picha mbele ya milango hiyo kila siku, na mikono iliyokata yale mayungiyungi na minyororo na samaki imesahauliwa kabisa. Fundi wako yuko hai. Jina lake bado linaweza kuandikwa.

Kwa hiyo ukiniuliza ufanye nini, nitakwambia uweke zile dola 150 kwenye kazi hii.

Anza na orodha ya milango. Kaa naye jioni baada ya kazi, siku moja moja, bila kumchosha. Mlango wa kwanza aliouchonga peke yake ulikuwa wa nani? Mti gani, msaji, mvule au mfenesi? Nani alimletea mbao? Hakumbuki mwaka? Usimlazimishe. Muulize alikuwa ameoa tayari au bado, mtoto gani alikuwa amezaliwa, karafuu ilikuwa bei gani, nani alikuwa rais. Mwaka utapatikana kwa njia hiyo. Kisha nenda ukaipige picha milango hiyo mmoja mmoja. Piga mlango mzima kwanza, halafu miimo, kizingiti, mfaa ule wa katikati, kisha nakshi kwa karibu mpaka alama ya patasi ionekane. Weka rula au kipimo pembeni. Andika uko mtaa gani. Mingine itakuwa imeuzwa ng'ambo, huko Oman au Ulaya. Andika hivyo hivyo, na kama mwenye nyumba anamjua aliyenunua, andika.

Halafu mrekodi akifanya kazi, na akizungumza. Simu yako inatosha, ila tafuta mahali pasipo na mashine ya randa ikinguruma. Muache aseme kwa maneno yake, Kiunguja chake, majina ya maua na mistari kama alivyoyapokea kwa mwalimu wake. Usimsahihishe wala usimtafsirie. Hayo majina ya nakshi pengine hayamo kwenye kamusi yoyote, na yakipotea na yeye hayatarudi. Muulize pia yasiyopendeza: kazi gani iliharibika, nakshi gani alishindwa, kwa nini aliacha mtindo fulani. Washindi wa Kyoto hutakiwa kutoa mhadhara kuhusu maisha yao siku ya pili ya sherehe, na mihadhara iliyonivuta zaidi ni ile iliyoeleza walipokwama.

Andika pia nasaba ya ufundi wake. Alifundishwa na nani, na huyo alifundishwa na nani, na nani wamepita mikononi mwake. Wewe mwenyewe umo kwenye nasaba hiyo, jiandike.

Vyote hivyo usiviweke kwenye simu moja. Peleka nakala Nyaraka za Taifa Zanzibar, na nakala nyingine chuo kikuu. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wapo hapo kwenu, na TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watayathamini hayo majina ya nakshi kwa upande wa lugha. Tafuta mwanafunzi wa historia au wa usanifu majengo anayehitaji mada ya tasnifu, umkutanishe na Fundi. Makala moja iliyochapishwa kwenye jarida la kitaaluma, yenye jina la Fundi na picha za kazi zake, ndiyo inayoweza kusafiri hadi kwenye meza ya yule profesa. Mapendekezo huzaliwa hivyo, polepole, kwa mtu mmoja kumsoma mwingine.

Kuhusu zamu: kundi la sanaa na falsafa huzunguka fani nne. Mwaka 2022 ilikuwa muziki. 2023 sanaa za mikono na macho, akapewa mchoraji Nalini Malani wa India. 2024 tamthilia na sinema, akapewa William Forsythe, bingwa wa kutunga dansi. 2025 fikra na maadili, akapewa Carol Gilligan. Mzunguko usipokatika, kama ulivyokatika mwaka 2020 kwa sababu ya korona, zamu ya fani ya Fundi ni 2027, kisha 2031. Nakutajia miaka hii ili ujue kazi ya kumbukumbu ina muda wake, si ili uhesabu siku.

Tena Kyoto si mlango pekee, na kwa kweli kwa fundi wa milango si mlango wa karibu zaidi. Iko Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, iliyoanzishwa mwaka 1977, hutolewa kila baada ya miaka mitatu na fungu lake ni dola milioni moja. Hiyo hutuza jengo au mradi, si mtu, na kwa desturi yake huwatambua mafundi na wajenzi pamoja na wasanifu. Mwaka 2004 ilitua kwenye shule ya msingi ya kijiji cha Gando, Burkina Faso, iliyojengwa kwa matofali ya udongo na wanakijiji wenyewe chini ya kijana wao Francis Kéré, ambaye wakati huo bado alikuwa anasoma Ujerumani. Kéré leo dunia nzima inamjua. Kwa hiyo kama Fundi anashiriki kukarabati nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, hakikisha jina lake linaandikwa kwenye nyaraka za mradi tangu siku ya kwanza, kwa cheo chake cha fundi nakshi, si “vibarua na wengineo.” Mdai mkandarasi jambo hilo kwa adabu, lakini mdai. Japani pia wanayo Praemium Imperiale, ya sanaa peke yake, ambayo mwaka 2017 iliwachukua Waafrika wawili kwa mpigo, El Anatsui wa Ghana katika uchongaji na Youssou N'Dour wa Senegal katika muziki. Nayo huenda kwa mapendekezo, si maombi. Na sisi wenyewe tunamkumbuka Bi Kidude, ambaye WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, walimtunuku mwaka 2005 akiwa bibi mzee sana, baada ya watu kumrekodi, kumwandika na kumsafirisha kwa miaka mingi.

La mwisho, mwanangu, ni jinsi ya kulianza jambo hili na Fundi. Usimwambie habari za yen milioni 100. Ukimwambia, kila swali utakalomuuliza atalijibu akiwa na Japani kichwani, na siku zikipita bila simu kuita utakuwa umemwachia majonzi ambayo hakuwa nayo. Mwambie ukweli ulio mdogo zaidi: unataka kuijua milango yake yote, mmoja mmoja, kabla hujaanza kuchonga wa kwako. Hakuna fundi atakayekukatalia hilo. Nenda naye kwa miguu asubuhi, kabla jua halijawa kali, mpaka kwenye ule wa kwanza, na umuache aushike yeye kabla wewe hujatoa simu mfukoni.